Ijumaa Bi Tausi Akienda Mabawa

Ijumaa asubuhi kopo la sukari liligoma kufunguka. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, lenye mfuniko wa plastiki ambao mtoto wa miaka mitatu huubandua kwa kidole kimoja. Bi Tausi aliuvuta kwa kucha, akautekua kwa kijiko, akalibana kopo kati ya magoti na kulitukana kidogo. Halikufunguka. Akanywa chai kavu, bila sukari, akasema makopo ya siku hizi hayana adabu.

Siku hiyo mkaza mwana wake, Sabra, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa na siku ya nne hajapata choo.

Bi Tausi anajulikana mtaani Makorora kwa vitu viwili, dawa za tumbo na mdomo. Anayeandika habari hizi anamfahamu vizuri, maana wamelala kitanda kimoja na kula kwa mdomo mmoja miaka sabini na mmoja, na katika muda wote huo hajamsikia Bi Tausi akikiri kosa. Kasoma hadi darasa la nne. La tano lilikuwa mbali, na njiani kulikuwa na mikungu ya ndizi za watu.

Kila siku baada ya chai huketi uani juu ya kibao chake, hatua tatu kutoka mlango wa choo. Kuuita mlango ni kuusitiri. Ni pazia la khanga kuukuu, lenye tundu usawa wa jicho. Mahali pale kapachagua kwa ajili ya upepo, kwani upepo wa pwani ukiingia nyumba ile hupenya kati ya jiko na ukuta, ukapita hapo tu, halafu ukaenda zake kwa jirani. Anayepita na kidumu cha maji humkaribisha.

"Haya, mwanangu, unakwenda?"

Na akitoka:

"Umeshakwenda? Mbona umekawia, tumbo?"

Kwake huo ni ukarimu. Mtu aende msalani asiulizwe hali, si atajiona mgeni?

Sabra alikuwa mtoto wa kijijini Moa, na kwao hufundishwa kwamba mbele ya mavyaa, mama wa mume, hupitishi kidumu. Mumewe, Sele, alikuwa dereva wa lori la chokaa, nyumbani alikuja siku mbili kwa mwezi. Basi Sabra alichota maji, akafika kwenye kona ya jiko, akamwona mavyaa kwenye kibao, akageuka na kumwagia mchicha maji yale. Mchicha wa nyumba ile ulistawi vibaya mno mwaka huo.

"Tumbo vipi, mwanangu?" aliuliza Bi Tausi.

"Zuri tu, mama," alijibu Sabra, akiwa kashika ukuta.

Mchana wa Ijumaa hiyo chupa ya chai ilijifunga na chai yake ndani. Siku ya tano yakafuata madirisha, kabati la vyombo na mwavuli. Jioni yake ikawa zamu ya pochi ya Bi Tausi, ile nyeusi ya klipu, yenye tambuu, chokaa na vipande vya popoo. Hapo ndipo alipotambua kwamba kuna maradhi ndani ya nyumba.

Akaanza tiba. Alimlisha Sabra papai bivu asubuhi, mchana na jioni. Alimnywesha maji ya ukwaju, maji ya uvuguvugu, uji wa ulezi, na mbaazi zisizo na nazi. Alimtembeza uani mara saba kwenda na saba kurudi, na kila walipofika karibu na choo alisimama kumtazama usoni, kama mtu anayengoja basi. Sabra alitazama chini. Kisha Bi Tausi aliketi kwenye kibao chake, angoje matokeo kwa karibu.

Siku ya saba, Jumatatu, walikwenda kliniki. Muuguzi aliitwa Imakulata, mwanamke mnene mpole mwenye sauti ya kwaya.

"Shikamoo, bibi. Mama, una tatizo gani?"

"Kafunga choo," alisema Bi Tausi. "Wiki nzima. Mimi nimeshampa kila kitu, kasoro hii sanamaki, nilitaka uiangalie tu."

Imakulata aliichukua sanamaki, akaitia katika ndoo ya taka.

"Mjamzito hapewi majani ya kuharisha, bibi. Na namuuliza yeye."

Alivuta droo achukue kalamu, droo ikagoma. Akachomoa kalamu nyingine kwenye nywele, akaendelea.

"Vidonge vya kuongeza damu unameza?"

"Nameza," Sabra alinong'ona.

"Usiviache. Huwa vinakaza choo, ndiyo, na mimba yenyewe inakaza. Kunywa maji mengi, matunda, mboga, tembea. Na kubwa kuliko yote, ukibanwa, nenda. Usikizuie. Ukikizuia kinazidi kuwa kigumu. Nyumbani choo kipo?"

"Kipo."

"Sasa?"

Sabra alimwibia mavyaa wake jicho. Imakulata alimtazama yeye, akamtazama Bi Tausi, akasema, "Bibi, tupishe kidogo."

Bi Tausi alitoka, akasimama nyuma ya pazia, mahali anapoweza kusikia bila kusumbua. Viatu vyake vilionekana kwa chini. Sabra alivitazama viatu vile.

"Hakuna kitu, dada," akasema.

Imakulata naye aliviona. Aliandika katika kadi kwamba choo kipo, na tarehe ya kujifungua ni baada ya wiki tatu. Akasema maumivu yakizidi, au akiona damu, arudi siku hiyohiyo.

Hizo wiki tatu ndizo zilizomnyima Bi Tausi raha. Yeye ni mtu wa zamani, na mtu wa zamani anajua kwamba mzazi akishikwa na uchungu, nyumba hufunguliwa: masanduku wazi, kufuli wazi, mafundo ya khanga na nywele yakalegezwa, ili mtoto aone njia. Sasa nyumba yenyewe imekaza hata kopo la sukari, mtoto atatokea wapi? Jambo hili hakumwambia mtu. Alilikalia tu, pale penye upepo.

Siku ya tisa ulijifunga mlango wa mbele. Castory, fundi seremala kutoka Lushoto aliyepanga chumba cha barazani, aliukagua kwa tochi, akaupapasa bawaba, akaugonga mara mbili na kusikiliza.

"Mbao haijavimba," alisema. "Kitasa kizima. Umefunga tu."

"Hata mimi nimeona umefunga," alisema Bi Tausi. "Kwa hilo sihitaji fundi."

Castory alileta ngazi mbili, moja ndani na moja nje ya ukuta wa uani, na watu wa nyumba ile wakawa wanapitia huko kwenda sokoni na kurudi. Majirani waliwaambia pole. Muuza maziwa alijifunza kupanda na ndoo. Sabra hakuweza kupanda, na tumbo lile. Alibaki ndani akihesabu miguu ya kuku.

"Bibi," alisema Castory siku ile, huku akisafisha msumeno, "nilikwambia mwaka juzi nikutengenezee mlango wa choo. Mlango kamili, na komeo lake kwa ndani."

"Katika nyumba yangu mtu anamficha nani?"

"Mimi simfichi mtu. Ila tangu nihamie hapa naendea haja karakanani kwangu."

"Una karakana nzuri, hongera."

Castory alibeba msumeno wake, akaenda kazini. Alitembea upesi.

Siku ya kumi Sabra hakula. Alilala ubavu, jasho la baridi kwenye paji, na alipoulizwa alijibu "zuri tu, mama" kwa meno yaliyoumana. Bi Tausi alimpaka mafuta ya nazi mgongoni na kumsomea. Akamwambia mtoto aliye tumboni awe na subira, bibi yake ni bingwa. Mtoto akapiga teke moja, pale pale palipokuwa na mkono wa bibi.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Ijumaa, na mtaa wa Mabawa kulikuwa na khitima ya arobaini ya shemeji yake Bi Tausi, mume wa dada yake Chiku. Asingeweza kukosa. Castory alimsukuma ngazi ya ndani, majirani wakampokea ngazi ya nje, na baibui lake likabaki juu ya ukuta dakika kadhaa likipepea peke yake. Aliondoka saa nne na pochi iliyojifunga, kwa mazoea.

Huko Mabawa walisoma, wakala. Saa saba na robo, Bi Tausi akiwa na tonge la pilau mkononi, pochi ilifunguka. Ilisema "ta!" mapajani mwake, tambuu ikamwagika mkekani. Hakuna aliyeshtuka. Mwanamke wa jirani aliokota jani moja, akalitafuna.

"Sabra kapata," alisema Bi Tausi. "Alhamdulillahi. Mapapai yangu yale."

Chiku, ambaye ni mkubwa wake kwa miaka miwili na hajamwogopa hata siku moja, alilamba vidole.

"Mapapai umempa tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

"Na nyumbani umetoka lini?"

"Leo, saa nne."

"Basi hesabu mwenyewe."

"Mimi niliishia la nne."

"La nne wanafundisha kutoa, Tausi. Kitolewe kizibo, chupa itafunguka. Bado unakaa pale pale pa mama mkwe wako?"

"Pana upepo."

"Hata yeye alisema pana upepo."

Bi Tausi alitia tonge mdomoni ili asijibu. Alikumbuka vizuri. Mwaka ule alikuwa na mimba ya Sele, na mavyaa wake alikaa kwenye kibao hicho hicho, hatua tatu kutoka pazia, akikaribisha watu. Yeye Tausi alikaa siku tisa hajaenda. Sanduku la Kihindi lililojifunga wiki ile lilikuwa bado chumbani, halijafunguka tangu hapo, na kila mtu aliamini limeshika kutu. Aliapa wakati ule, kwa kitu kizito, kwamba akija kupata mkaza mwana hatamfanyia hivi. Halafu yule bibi akafa, kibao kikabaki wazi, jua likawa kali, akasahau.

Alirudi alasiri kwa mlango wa mbele. Ulikuwa wazi. Madirisha yalikuwa wazi, kabati wazi, mwavuli umejikunjua jikoni na kuku kalala chini yake. Sanduku la Kihindi lilikuwa wazi pia, limejaa khanga za bi harusi ambazo hakuwahi kuzivaa, mpya kabisa, za mtindo uliokwisha. Sabra alikuwa anaimba. Bi Tausi hakujua kwamba huimba. Alikuwa na sauti nene kidogo.

"Shikamoo, mama. Za Mabawa?"

"Njema. Umekwenda?"

Sabra akaacha kuimba.

Jambo hilo halikuzungumzwa. Mambo ya namna hiyo hayazungumzwi, hupangiwa siku. Tangu hapo kila Ijumaa Bi Tausi huvaa baibui saa nne na kwenda kwa dada yake Mabawa, na hakuna anayeuliza anafuata nini. Katikati ya wiki nyumba hukaza, Alhamisi huwekwa ngazi, Ijumaa mchana hufunguka yote. Muuza maziwa kaizoea ratiba hiyo kuliko ya kuswali.

Mtoto alizaliwa Ijumaa. Angezaliwa lini tena? Imakulata alisema katoka upesi, kama aliyekuwa anangoja mtu aondoke.

Sasa wajawazito wanakuja hadi kutoka Nguvumali kumuuliza Bi Tausi siri ya dawa yake. Huwaagiza papai bivu, maji mengi na kutembea, na asiyepata nafuu aende kliniki. Wakiaga huwaambia wamsalimie mama mkwe.

Castory alitengeneza mlango bila kuagizwa, akauleta bure, kama tunzo ya mtoto. Ni mlango wa mninga, una komeo la ndani. Aliuegemeza ukutani, hatua tatu kutoka choo, ili aupachike Jumapili. Jumamosi Bi Tausi alijaribu kuuegemea, akiwa kwenye kibao chake. Mgongo wake haujapata kukutana na kitu kizuri namna ile tangu azaliwe. Jumapili ilipofika, Castory alimkuta kalala, akaona haya kumwamsha.

Jumatano, Sabra alitokea kwenye kona ya jiko, mtoto mgongoni, kidumu mkononi. Bi Tausi alimwona.

"Haya, mwanangu, unakwenda?"

"Nimwagie mchicha, mama."

"Vizuri. Unapendeza huo mchicha."

Akajiegemeza vyema kwenye mlango. Akachukua kopo la sukari, akaujaribu mfuniko kwa kucha mara moja tu, kwa heshima, akaliweka chini. Akanywa chai kavu. Sukari ina madhara kwa wazee.