Maji Aliyotia Mikono

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, uso wa maji kwenye tangi la samaki pale sebuleni ulitikisika bila mtu kuugusa. Bosi, yule samaki wa manjano, alipanda hadi pembe ya kulia akajisugua kwenye kitu kisichoonekana. Mjane alikaa kwenye kochi akitazama, vinyweleo vimemsimama. Pembe ile ndiyo mumewe alizoea kutumbukiza mkono. Alikuwa amekufa miezi saba iliyopita, na mkewe aliamini kwamba mkono ule bado ulikuwa humo.

Ndiyo maana hakuyabadilisha maji. Yakipungua aliongeza, ila kumwaga, hata kikombe kimoja, hakuthubutu. Marehemu alikuwa mtu wa ndoo na mpira: kila Jumamosi anatoa maji kiasi, anatia mengine aliyoyachanganya na chumvi mwenyewe. Mke alikuwa akimtania kwamba samaki wanatunzwa kuliko yeye. Sasa maji ya mwisho aliyoyatia mikono ndiyo yaliyombakia, na nani angemwambia ayamwage? Mimi nisingeweza.

Lakini samaki walianza kufa. Wa kwanza alipauka. Wa pili mapezi yake yalilika hadi akashindwa kuogelea. Wengine watatu walisusa chakula, wakakonda, wakalala chini. Alipobaki Bosi peke yake, akihema harakaharaka na jicho moja limefunga ukungu, mwanamke alipiga moyo konde akamwita fundi wa matangi, rafiki wa marehemu.

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi. Alichota maji kwenye kichupa cha kioo, akadondoshea dawa ya kupimia, akatikisa. Wakasubiri. Maji yakawa mekundu.

"Shemeji, hapa tulitaka rangi ya manjano tu," alisema. "Nitrati imejaa. Umebadilisha maji lini?"

"Naongeza kila wiki."

"Kuongeza si kubadilisha. Maji yanakauka yanapaa, lakini kinyesi chao na chakula kilichooza havipai. Vinageuka nitrati, na sumu hiyo inabaki humohumo, inazidi. Inawamaliza polepole."

Mwanamke alitazama zulia. Aliona haya, lakini alisema.

"Haya ni maji yake, shemeji. Yumo humu. Namwona."

Alitegemea kuchekwa. Fundi hakucheka. Alifuta kichupa chake taratibu.

"Kama yumo, basi ameona wanavyokufa. Wote watano. Yule bwana alikuwa hapitishi hata wiki moja bila kuyabadilisha."

Saa nne ikafika. Maji yakatikisika. Fundi alirudi nyuma hatua moja, macho yamemtoka. Bosi alijikongoja hadi pembe ya kulia. Mwanamke, kwa mara ya kwanza, hakumtazama samaki; alitazama pale maji yalipokuwa yakivurugika, huku na huku, kwa papara. Mume wake alikuwa akitundika mpira wa kutolea maji palepale. Miezi saba mkono ule haukuja kumpapasa mtu. Ulikuwa ukitafuta mpira.

"Mungu wangu," alisema, akaanza kulia kwa sauti. "Nimemsumbua."

Alikwenda stoo mwenyewe, akarudi na ndoo na mpira.

"Usitoe yote," fundi alimwambia. "Ukimbadilishia Bosi ghafla atakufa kwa mshtuko. Ndoo moja leo, moja keshokutwa, hivyohivyo hadi rangi ishuke."

"Kwa hiyo nitamwaga mara ngapi?"

"Nyingi, shemeji."

Fundi alinyoosha mkono ampokee mpira. Mwanamke alikataa. Alizamisha ncha moja ya mpira kwenye pembe ile, na maji yakatulia tuli. Akapiga magoti, akaweka ncha nyingine mdomoni, akavuta kama alivyokuwa akimwona mumewe akivuta. Chumvi ikamjaa kinywani.

"Tema, shemeji! Machafu hayo!"

Aliuacha mpira uangukie kwenye ndoo, akamtazama fundi, mashavu yamejaa. Kisha akameza.