Kibali cha Kuhamisha Mtambo

Purnakala Ghale alikuwa mtangazaji wa redio ya ushirika ya Thulodanda. Kwa miaka sita mfululizo alianza kila asubuhi kwa kuwasalimu watu wa Simpani, kijiji cha upande wa pili wa mlima, alikoolewa dada yake Jasmaya. Maporomoko ya ardhi yalikuwa yamekata njia ya mkato, simu hazishiki kule, na kuzunguka ni mwendo wa siku tatu kwa miguu. Jasmaya alimsikia mdogo wake kila siku. Purnakala hakuwahi kumsikia dada yake hata mara moja.

Kisha wanachama wakaamua kuihamishia redio mjini, kule bondeni kwenye barabara kuu, ambako vijana wote walikuwa wameshateremkia.

"Iandikie wizara barua," mwenyekiti Lokendra alimwambia.

"Barua haitoshi, mwenyekiti. Leseni yetu imeandikwa Thulodanda. Mtambo ukisogea hata kilima kimoja bila kibali, wanatufungia. Wanataka tupime mawimbi katika kila kijiji kilichomo kwenye leseni, tuseme nani atabaki bila redio, na wenyeji wapewe siku thelathini za kupinga."

"Simpani nako kumo?"

"Kumo. Na fundi hawezi kupima na kujaza fomu za watu peke yake."

Lokendra akacheka. "Sema tu umemkumbuka dada yako, binti. Nenda."

Alikwenda na Manbir, fundi mitambo, mtu mzima mwenye magoti mabovu, aliyebeba kipimo mgongoni na kulalamika njia nzima. Siku ya tatu mchana walimkuta Jasmaya uani akianika mahindi. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi. Alisimama akamtazama mdogo wake kuanzia miguuni hadi utosini.

"Umekonda," akasema. "Redioni unasikika mnene."

Wakakumbatiana hapo hapo juu ya mahindi, Manbir akajifanya anatafuta mahali pa kusimika antena.

Vipimo havikuwa na utata. Sauti ya Thulodanda ilifika safi. Kutoka bondeni, mlima ungeizuia yote. Manbir aliandika neno moja: haifiki.

Jioni walikula ugali wa ulezi. Purnakala alianza kusimulia habari za nyumbani, Jasmaya akainua mkono.

"Miaka sita unaongea wewe tu. Leo nyamaza, niongee mimi."

Akaongea. Alimweleza kuhusu mtoto wa kike aliyemzaa na kumzika mwaka wa pili wa matangazo, kabla hajafikisha miezi mitatu. "Asubuhi ile ulikuwa unasoma habari za mvua, unacheka na mgeni wako. Nilitaka kuiponda ile redio kwa jiwe. Nikashindwa. Ilikuwa sauti yako."

Purnakala alimshika mkono.

Asubuhi alitandaza fomu ya pingamizi na kufungua kidau cha wino. "Weka dole gumba hapa, dada. Wakipinga wengi, huenda wizara ikakataa."

"Wewe unataka nini?"

"Nataka uendelee kunisikia."

"Hayo ni yangu. Nakuuliza yako."

Purnakala aliinamisha kichwa. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Thulodanda walikuwa wamebaki wazee na mbuzi.

"Nataka kuteremka," akasema polepole.

Jasmaya alikisukuma kidau kando. "Basi wengine waweke. Mimi siweki."

Kumi na wawili waliweka. Miezi minne baadaye kibali kilitoka. Wizara ilisema Simpani inafikiwa na redio ya taifa, kwa hiyo haitabaki bila huduma. Kwenye matangazo ya mwisho Purnakala aliisalimu Simpani, akasahau kilichofuata, na Manbir ikabidi aweke muziki. Siku iliyofuata wapagazi wanane waliuteremsha mlingoti vipande vipande, na yeye akawafuata nyuma.

Siku hizi anatangaza mjini, na wasikilizaji humpigia simu akiwa hewani, wakabishana naye. Kila simu inapolia, anajua si Jasmaya. Sikukuu ya Dashain ikifika, huomba likizo ya siku tisa: tatu za kupanda, tatu za kukaa Simpani, na tatu za kurudi.