Kibao cha Kijivu

Nchi ya Memetu haikujua giza, kwa kuwa kila mkazi wake, kuanzia mkunga hadi mchimba makaburi, alitembea na Kioo kinachowaka mkononi, na kila Kioo kilitoka katika karakana za Mtukufu Ng'arang'ara, aliyetawala kwa ukarimu wa mtu amwagaye mtama mbele ya kuku wa sikukuu. Kioo kiliimba, kiliuza viatu, kilionyesha ngumi na harusi za watu wasiojulikana. Hata vitabu vilikuwamo, tele, ila msomaji alipofika mstari wa pili Kioo kililia ting! kumwarifu kwamba Mtukufu amepiga chafya, naye akaacha kusoma ili ampe pole. Mawaziri, wasioulizwa lolote na mtu, walilala usingizi wa pono.

Bi. Sikitu, mpika vitumbua, ndiye pekee aliyebaki na kibao cha zamani, cha kijivu, kisichojua kazi yoyote duniani ila kuonyesha maandishi. Alikipenda, jamani! Humo alikuwa akisoma kisa cha fahali aliyeibwa harusini, na zilimbakia kurasa chache amjue mwizi, siku Kamanda Chapuchapu alipopiga hodi na amri ya kuchoma kibao chochote kilichosalia.

"Lete, mama. Nitakupa Kioo kipya, kinaimba."

"Sijamaliza, mwanangu."

"Hujamaliza nini?"

"Kula."

Sasa, Memetu ilikuwa na mwiko mmoja ambao hata Mtukufu hakuthubutu kuuvunja: anayekula hanyang'anywi sahani mpaka ashibe. Kamanda akakuna kichwa. Wazee wa mtaa, waliokuwa wakingoja vitumbua, wakaamua palepale kwamba macho nayo yana njaa yake.

"Basi kula kwa sauti," akasema Kamanda, "nisikie ukimaliza."

Bi. Sikitu akasoma, majirani wakasogea. Alipokaribia jina la mwizi, fundi viatu aliyechelewa akalalamika: "Aa, bibi! Mimi sijui hata fahali ni wa nani. Anza tena!" Akaanza tena, huku akicheka. Kesho yake wakachelewa wafumaji, keshokutwa wauza chumvi. Mtaa ukajaa mikeka, vitumbua na vicheko, na Vioo vilivyothubutu kulia vilikaliwa. Kamanda alikuwa mstari wa mbele, amevua buti.

Mwishowe Mtukufu akaja mwenyewe na msafara wake, amekunja uso, akakuta watu wake hawamtazami. Akafungua kinywa atoe amri. Bi. Sikitu alikuwa amefika pale bibi harusi anapoona nyayo mlangoni. Mtukufu akafunga kinywa, akachuchumaa. Mara Kioo chake cha dhahabu kikaanza kumsifu kwa tarumbeta.

"Zima hicho!" umati ukamkemea, naye akakizima upesi.

Ukurasa wa mwisho ukawadia. Kamanda akakumbuka kazi yake, akanong'ona: "Mtukufu, akimaliza, nilete kiberiti?"

Mtukufu alikuwa akijifuta uso, kama ni jasho au machozi hakuna aliyejua.

"Kiberiti cha nini?" akafoka. "Mimi nimechelewa. Aanze upya!"