Gundi na Vumbi

Kama kulikuwa na kitu kinachomtia Bi Spana kinyaa kuliko panya aliyeozea ndani ya injini, basi ni kulala chini ya gari bega kwa bega na shemeji yake Chapchap. Jina la Chapchap alijipa mwenyewe, na hilo peke yake lingetosha kukuonyesha mtu wa namna gani. Mtu mzima, ndevu zimemjaa, ameletwa gereji na mama mkwe kwa maneno matamu kwamba mwanawe mdogo ana mikono myepesi. Myepesi kweli. Mchana ule klachi mpya ilipotolewa kwenye boksi lake, safi kama sahani ya wageni, Bi Spana alimwona kwa macho yake mawili akiitemea mate na kuifuta kwa mkono wa shati lililolowa oili. Klachi, jamani! Kitu ambacho hata jasho la kidole halitakiwi kukigusa. Alimpokonya, akaisafisha upya kwa petroli.

Gari lenyewe lilikuwa la wifi yake, dada mkubwa wa mumewe na wa huyo Chapchap. Alikuwa mkunga, na kila siku ya Mungu alipanda nalo ile barabara ya mlimani, mara nyingi mama mwenye uchungu akigumia kiti cha nyuma. Likimfia kwenye mwinuko ule linarudi kinyumenyume, na nyuma hakuna kitu ila bonde. Ndiyo maana Bi Spana alimwambia mumewe kazi hii ataifanya yeye, tangu kufungua mpaka kufunga. Mumewe, ambaye gereji ni yake, alikubali, ila akamwomba amchukue Chapchap amsaidie kubeba.

Sasa, kurudisha giaboksi kwenye injini si kazi ya mabavu. Ni kazi ya subira na matusi kidogo. Unalala chali, jeki inashika uzito upande mmoja na wewe unashika upande wa pili, unaitafutia ile shafti yake njia mpaka iingie katikati ya klachi. Klachi ikiwa imekaa sawa, giaboksi inateleza yenyewe mpaka inagusana na injini. Ikiwa haikukaa sawa, inagoma imebaki upana wa kidole, na hapo fundi mwenye akili zake anaishusha na kuanza upya. Asiye nazo anatia bolti na kuzikaza, ili ziivute kwa lazima. Mumewe ndiye aliyemfundisha hayo, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, wamelala wawili chini ya lori. Alimwambia giaboksi inaingia kwa mikono, haiburutwi kwa bolti. Bi Spana alimpenda siku ile kuliko hata siku ya harusi.

Giaboksi ya mkunga iligoma. Waliitikisa, wakaizungusha, wakaibembeleza, bado ikabaki palepale, kidole kizima. Chapchap akatoa wazo lake la kijinga kwamba watie bolti wakaze. Bi Spana akamwambia aondoe hilo wazo kichwani, wataishusha. Mara kutu ikamdondokea jichoni. Ikabidi atoke akanawe, na kabla hajatoka alimwonya asiguse kitu chochote, hata kwa bahati mbaya.

Yuko bombani, maji yanamchuruzika usoni, akasikia spana inazunguka. Kisha akasikia tak. Mlio mdogo, mkavu. Akarudi bila hata kujifuta.

Alimkuta Chapchap ameketi juu ya tairi, anachokonoa meno kwa kijiti, uso mkunjufu kama wa bwana harusi. Giaboksi ilikuwa imekutana na injini. Akamwambia imeingia yenyewe.

"Yenyewe, shemeji. Mimi nimeigusa tu."

Bi Spana aliingia chini na tochi. Sikio la bolti ya juu, pale giaboksi inaposhikana na injini, lilikuwa limepasuka. Ufa ulianzia kwenye tundu ukashuka mpaka mwilini, mweupe, mpya kabisa. Hakumtukana. Alitoka akaenda kumwita mumewe.

Mumewe aliingia chini, akaangalia kwa muda mrefu. Bi Spana alisimama akingoja ghadhabu anayoijua, maana mume huyu alishawahi kumfukuza fundi kwa kosa dogo kuliko hilo. Badala yake alitoka anajipangusa magoti, akauliza dada yake anakuja saa ngapi. Halafu akamvuta mkewe kando, akaanza kunong'ona. Dada akijua, mama atajua kabla jua halijazama, na mama ndiye aliyemkabidhi huyu mdogo wake amfanye mtu. Ataonekana ameshindwa. Na kusema kweli ufa wenyewe haukuwa wa kutisha hivyo, bolti nyingine zitashika. Bi Spana akamuuliza, na ukifunguka mlimani je? Mumewe alichukua gundi ya gasketi, ile ya kuzibia oili isivuje, akarudi chini.

Bi Spana alichutama akamwangalia. Mumewe aliupaka ule ufa gundi kwa ncha ya kidole, polepole, kama anayemtia mtoto dawa ya kidonda. Kisha akachota vumbi la sakafuni, akalipulizia juu ya gundi mbichi, akasugulia oili chafu mpaka pote pakawa na rangi moja ya uzee. Alifanya bila kusita, wala hakufikiri mara mbili. Na hapo ndipo kinyaa kilipomkamata Bi Spana barabara. Gundi mtu anaweza kuibuni kwa kubanwa. Vumbi halimjii mtu akilini mara ya kwanza. Yalimpita kichwani magari yote yaliyotoka gereji ile yeye hayupo, na watu waliomo ndani yake.

Ndugu wawili walipomaliza kulifunga gari, mkunga akafika, sare nyeupe, mkoba begani, macho yamelegea kwa uchovu. Ndugu zake wakavaa tabasamu. Chapchap akamfungulia mlango, mume wa Bi Spana akamkabidhi ufunguo.

"Wifi, usilichukue," Bi Spana alisema. "Giaboksi imepasuka."

Mumewe alicheka. Akaeleza kwamba mke wake kaingiwa na kutu jichoni, haoni vizuri, amwache akapumzike. Na jicho kweli lilikuwa jekundu. Mkunga aliwatazama wote wawili, akashusha pumzi.

"Wifi yangu, kuna mama ananingoja huko juu. Na huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Hawezi kunipa gari bovu."

Akaingia, akatia ufunguo.

Bi Spana hakubishana. Alifungua boneti, akachukua koleo kubwa la kukatia waya, akaukata waya wa klachi. Hakuwahi maishani mwake kuharibu kitu kizima kwa makusudi. Kule ndani pedali ikaanguka mpaka sakafuni chini ya mguu wa mkunga.

"Sasa haliendi," alimwambia. "Shuka uje uone mwenyewe."

Mkunga alishuka. Kwanza alimpigia simu mwenzake aende kwa yule mama badala yake. Kisha akalala chini na sare yake nyeupe, akapeleka kidole pale alipoonyeshwa. Gundi ikatoka nacho, laini, imechanganyika na vumbi. Aliporudi juu alimnyooshea mume wa Bi Spana kile kidole.

"Ni ufa mdogo tu, dada," akasema.

Mwanamke huyu alikuwa ameshika kila kinachotoka mwilini mwa binadamu bila kukunja uso. Sasa aliukunja. Akakifuta kidole kwenye shati la ndugu yake, taratibu, mpaka kikatakata, halafu akasema waifungue giaboksi, yeye atakaa hapohapo juu ya tairi.

Bi Spana akaingia chini, akaanza kulegeza bolti. Ya mwisho ilipobaki, mumewe akaja akalala upande wa pili, akainua mikono kuupokea uzito.

"Tushushe pamoja," alisema kwa sauti ya chini.

"Toka."

Alishusha mikono, akatoka. Bi Spana akaitoa bolti ya mwisho, na giaboksi ikamshukia kifuani, nzito, ya baridi, pumzi ikambana, naye akaikumbatia peke yake.