Mtumbwi Tumbo Juu

Kacungu si kisiwa cha kujivunia. Ukitoka Bukavu kwa kasia utakikuta kimelala majini kama mgongo wa ng'ombe, na usipokiona usijilaumu, maana hata serikali haikukiona miaka yote ile mpaka siku ilipomtaka mtu. Nyumba chache, migomba, maharagwe, na mbuzi wasio na adabu wanaokula nguo zilizoanikwa. Watu wa ng'ambo walitucheka, wakisema mtu wa Kacungu akipiga chafya kisiwa kizima kinampa pole. Ni kweli, na wao kwao wakipiga chafya nani anawapa pole?

Lakini jambo moja hawakulicheka. Mtu akifa Kacungu, mitumbwi ilipinduliwa ufukweni, tumbo juu, na hakuna aliyevuka ziwa mpaka azikwe. Hata padri alisubiri. Na aliyezama asionekane, alizikiwa shina la mgomba ndani ya mkeka, na mkeka huo haufunguliwi na mtu. Wa ng'ambo wakiona matumbo ya mitumbwi, walifanya ishara ya msalaba na kurudi kwao.

Sasa sikilizeni habari ya Agathe, mke wa Venant. Ilikuwa miaka ya Zaïre, watu wakiitana citoyen na citoyenne, yaani raia, majina ya ubatizo yakikatazwa mjini. Kisiwani nani angekuja kuyakataza? Venant alikuwa mvuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, mtu mpole, na baridi ya ziwa ilikuwa imemwachia kikohozi kisichosikia dawa. Sokoni Bukavu walimwita "yule wa kikohozi." Kusoma hakujua. Gazeti kwake lilikuwa karatasi ya kufungia samaki, basi.

Siku hiyo maman mmoja alitaka sambaza, Venant akararua gazeti bila kutazama, akamfungia. Maji ya samaki yakaloanisha karatasi, na picha iliyokuwa ndani ikajitokeza nje: uso wa Rais mwenyewe, na mkia wa sambaza umetokeza puani. Kijana mmoja wa chama akaona. Akapiga kelele soko zima likageuka: huyu anamfungia Rais samaki! Venant aliacha kapu, akaacha viatu, akakimbilia mtumbwi. Wangapi walikuwa wamepelekwa kwa makosa madogo kuliko hilo na hawakurudi? Kila mtu alimjua mmoja.

Usiku ule Agathe hakulala. Asubuhi, jua likiwa limeshapanda, alisikia ziwani mlio wa mota. Kacungu hakuna mwenye mota.

"Wanakuya," alisema.

Venant alikuwa ufukweni na ndugu yake Théodore, akitaka kusukuma mtumbwi akimbilie kisiwa cha Idjwi. Atakimbilia wapi? Ziwa lilikuwa jeupe, limetulia, kuku tu akiogelea angeonekana. Na kisiwani pa kujificha hapakuwapo, maana migomba yenyewe unaona upande wa pili.

"Lala chini," Agathe akamwambia.

"Wapi?"

"Hapo kwa mawe! Lala, baba watoto, usiniulize!"

Venant akalala. Agathe na Théodore wakaubeba mtumbwi wakampindulia juu, wakaacha upenyo wa mkono mmoja upande wa maji ili apumue. Ndipo Agathe alipoinua macho akaona kosa lake. Mtumbwi ulikuwa tumbo juu. Mwenye mota angejua maana yake kabla hajakanyaga mchanga, na angeuliza: nani amekufa?

Théodore naye akaelewa. Akaupindua na mtumbwi wa pili, maana sasa hapakuwa na njia nyingine.

Mama yake Venant, koko Madeleine, alikuwa amesimama mlangoni. Bibi huyo, nisimsifu bure, alikuwa na ulimi wa upupu, na kwa mila hakuwa na masihara. Ni yeye aliyewafundisha watoto wote wa Kacungu kwamba mtu hai haliliwi. Ukimlilia mtu aliye hai, kifo kinasikia jina lake, na kikishasikia hakisahau.

"Koko," Agathe alisema, machozi yakimlenga, "nisamehe. Tulie nani?"

Koko Madeleine alitazama mtumbwi. Alitazama ziwa. Mota ilikuwa imezimwa, boti ikija yenyewe taratibu. Akavua kitambaa cha kichwa, akakitupa chini, akaweka mikono kichwani.

"Yoo! Yoo! Venant, mutoto yangu! Ziwa imemukula Venant wangu!"

Agathe hakuwahi kusikia kilio cha kweli kuliko kile. Majirani wakatoka, wakaona mitumbwi, wakaona koko, na hakuna aliyeuliza. Kisiwa kizima kikaanza kulia.

Askari walishuka, kamanda mmoja mnene mwenye miwani ya jua na vijana wawili wenye bunduki. Mwendesha boti alikuwa Raphaël, mzaliwa wa ng'ambo. Huyo alipoona matumbo ya mitumbwi alivua kofia palepale.

"Mobali na yo azali wapi?" kamanda akamuuliza Agathe. Alipoona haelewi lugha ya jeshini akarudia kwa Kiswahili. "Mume wako iko wapi? Yule wa kikohozi."

"Alizama jana, chef. Alitoka soko na woga mingi."

"Alizama. Na mutumbwi yake iko hapa?"

Mungu wangu! Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Théodore akasogea mbele. "Tuliokota ikielea, chef. Yeye hapana."

Kamanda akacheka. Kisha, kwa raha zake zote, akaketi juu ya mtumbwi ule ule, akapiga ubao kwa kisigino, ko ko ko. "Basi tuone munavyozika mutu hayuko. Mimi niko na wakati."

Hapo ndipo hofu ya kweli ilipoanza. Wanaume walikata mgomba, wakaufunga ndani ya mkeka, wakachimba. Jua lilikuwa kali, ubao umeanza kutoa harufu ya samaki, na chini ya ubao alikuwa mtu mwenye kikohozi. Agathe aliketi mchangani mbele ya kamanda, miguu imenyooshwa kama mjane, macho kwenye ule upenyo. Kila kifua cha Venant kilipoanza kukwaruza alikisikia kabla ya wote, maana alikisikia miaka yote kitandani. Hapo alipaza sauti. "Yoo! Venant wangu!" Wanawake wakaitikia, na kikohozi kikapita chini ya kilio. Kikaja tena, wakalia tena. Wengine hawakujua wanafunika nini, walimfuata tu. Koo lilimkauka, akaonja damu. Akawaza: nikichoka mimi, amekufa.

Mkeka ulipopita kamanda aliunyooshea kidole. "Fungua hiyo."

Vijana wa bunduki hawakusogea. Raphaël akasema polepole, "Chef, mukeka ya aliyezama haifunguliwe. Na sisi tutarudi kwa maji."

Kamanda alitazama ziwa. Hakuwa mtu wa maji, hilo ulimwona nalo tangu aliposhuka ameshika boti kwa mikono miwili. Akaacha mkeka ukaenda.

Walipomaliza kufukia, alisimama, akapangusa suruali. "Sawa. Mumezika. Sasa pindueni hii mutumbwi."

Kilio kilikatika chenyewe. Na katika kimya kile, Venant alikohoa. Kidogo tu, kama mtu anayekohoa ndani ya kiganja. Raphaël alikuwa ameegemea mtumbwi. Agathe alimwona anashtuka, anatazama chini, halafu anamtazama yeye. Agathe hakuweza hata kutikisa kichwa. Maisha ya mumewe yalikuwa mdomoni mwa mtu asiyemjua.

Raphaël akakohoa. Akakohoa tena kwa nguvu, akatema mate.

"Vumbi ya kaburi," alisema. "Chef, mutumbwi inapinduliwa na mujane, na mutu wa kwanza kuona chini yake, ziwa inamufuata. Mukitaka pindueni. Mimi ninangojea ndani ya boti, na siangalie."

Aka! Mila kama hiyo haipo, haikuwahi kuwapo, na kila mtu pale alijua. Hakuna aliyefungua mdomo. Kamanda alilamba midomo. Kisha akaamuru akamatiwe mbuzi.

"Nitarudi," alimwambia Agathe. "Nitakuya kuona kama mujane iko mujane."

Mota ilipokwisha kusikika, wakauinua mtumbwi. Venant alitoka kwa magoti, mashavu yamechubuka kwa mawe, shati limelowa. Akamwendea mama yake. Koko Madeleine akageuza mgongo.

"Mutoto yangu nimemuzika," alisema. "Akilala hapa, kifo itakuya kumuchukua, ao yule mwenye miwani. Ni mamoja."

Agathe alijua kuwa ni kweli. Angekwenda naye, lakini kamanda akirudi asimkute mjane angefukua mgomba na kuwachukua wengine. Jioni Théodore alikuwa anampeleka Venant ng'ambo, aende Kamituga kuchimba dhahabu kwa jina lingine. Agathe alikuwa amekwisha nyolewa kama mjane. Venant aligusa kichwa kile chenye upara, akaingia mtumbwini.

Koko Madeleine alikaa mlangoni, mgongo kwa ziwa. Kasia la kwanza lilipoingia majini, akapaza sauti kuuambia ukuta wa nyumba yake, "Mutu avae koti! Ziwa iko na baridi!"

Kutoka majini kikaja kikohozi, kile kile, kikiwa wazi, kikirudia rudia huku kinakwenda mbali. Wanawake walikuwa wangali wameketi mchangani. Hakuna aliyelia kukifunika. Agathe alikisikiliza mpaka hakukisikia tena.