Nta ya Kunyamazisha Rimu

Kibiti nzima hakukuwa na mtu aliyeijua rimu kama Bi Mwantumu. Mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, na hakuna aliyembishia, maana waosha rimu pale karibu na stendi walikuwa wawili tu, na yule wa pili alikuwa ameshaacha kazi anauza mihogo.

Gari likiingia, kabla ya bodi na kabla ya vioo, alianza na magurudumu, yakiwa yamepoa. Vumbi la breki ni jeusi na lina ukali. Ukiliacha wiki mbili linaganda na kula mng'ao wa rimu. Tena lina maneno. Dereva akikanyaga breki kwa ajili ya mtu, sauti ya mtu huyo hubaki kwenye vumbi, na kitambaa kibichi kikipita juu yake, inatoka. Mbuzi wa Bungu walilia pale kila siku. Ijumaa wake za madereva walikuja na vigoda vyao, wakakaa wakisuka ukili na kusikiliza rimu za waume zao. Sauti laini ya Ikwiriri ilisema, "Si ushuke kidogo, chai imeiva." Wake wakaendelea kusuka, ila kwa kukaza zaidi.

Kwa hiyo nta yake ilikuwa na wateja. Aliipika mwenyewe, nta ya nyuki na mafuta ya nazi, akaipaka mara mbili juu ya rimu safi na kavu, kisha gari likakaa kivulini saa moja. Basi. Baada ya hapo vumbi haligandi. Maji yakipita, linateremka kimya.

Gari lililokuwa likija kila Jumanne bila nta lilikuwa Land Cruiser jeupe la kituo kimoja cha afya, jina la kituo tuliache. Lilitolewa libebe wajawazito wa vijijini. Dereva wake alikuwa kijana mpole, Ridhiwani, na kila Jumanne rimu zake zilisema kwa sauti ya fundi mwashi, "Rudi, rudi, simama. Saruji shusha hapo." Bosi wa kituo alikuwa anajenga Utete.

Bi Mwantumu alikuwa na binti kijijini Mahege, Kuruthumu. Mwaka juzi, uchungu ulipomshika, Kuruthumu alipiga simu kituoni alfajiri, akaambiwa gari bovu. Bodaboda ilipatikana adhuhuri, na mtoto alizaliwa njiani akiwa ameshakufa. Jumanne iliyofuata Bi Mwantumu alipangusa rimu za gari lile, akasikia saruji ikishushwa. Alimaliza magurudumu yote manne, akaanika vitambaa. Sasa Kuruthumu alikuwa na mimba tena, na mwezi wa tisa ulikuwa umeingia.

"Bibi," Ridhiwani alisema Jumanne hiyo, "bosi anataka nta."

"Rimu zinachafuka?"

"Zinaropoka. Juzi wamekuja wageni wa mkoani. Nikapitisha kitambaa kidogo, gari lipendeze, fundi akaanza kuomba nondo."

"Wageni wakasemaje?"

"Wakauliza bei ya nondo."

Bi Mwantumu akaosha, akakausha, akapaka mkono wa kwanza na wa pili. Kisha akamtazama kijana usoni bila kupepesa.

"Sikiliza, mwanangu. Gari zito kama hili nta yake haikauki kivulini. Inataka umande wa alfajiri. Nenda Mahege, usimame nje kwa Kuruthumu, zima injini, ukae mpaka jua lipande. Siku saba."

"Kwa nini hapo hasa?"

"Pana mchanga laini. Kwani nta unaijua wewe?"

"Siijui."

"Haya."

Dereva wa Kibiti anaweza kubishana na trafiki, na mkewe, na imamu pia, lakini habishani na anayemtunzia gari. Kesho yake alfajiri Ridhiwani alikuwa Mahege, amekaa kwenye usukani, anasubiri rimu zikauke.

Siku ya tano Kuruthumu alitoka nje ameshika kiuno.

"Kaka, hilo gari bovu?"

"Zima. Nakausha nta."

"Itakaukia njiani," Kuruthumu alisema, akafungua mlango mwenyewe.

Mtoto wa kike alizaliwa hospitalini saa nne asubuhi, mzima, mwenye sauti ya kuudhi wodi nzima. Wakamwita Amal.

Nta nayo ilifanya kazi yake. Saruji iliendelea kwenda Utete mchana kwa rimu zinazong'aa na zisizosema, na nyumba ya bosi ikafika lenta. Waliopiga simu kituoni mchana waliambiwa gari bovu.

Siku saba zilipotimia Ridhiwani alikuja, akagonga rimu kwa kucha. "Zimekauka, bibi."

Bi Mwantumu alikuwa anawafikiria Maulida na Yasmini, majirani wa Kuruthumu, ambao matumbo yao yasingefika mwisho wa mwezi.

"Bado," alisema. "Zinataka siku kumi nyingine. Ila usisimame tena kwa Kuruthumu. Simama kati ya nyumba ya Maulida na ya Yasmini."

"Na hao wana mchanga laini?"

"Laini kupita kule."

Ridhiwani alikuwa anatazama nyuma ya bibi, kivulini, ambako Fuso la Ismaily la kubebea ufuta lilikuwa limeegeshwa, na Ismaily mwenyewe amelala ndani, miguu imetokeza dirishani. Akalisogelea. Akapitisha kidole kwenye rimu, akakinusa.

"Saa kumi na moja nitakuwa kwa Maulida," alisema taratibu. "Lakini hili Fuso, bibi, zito kuliko langu mara mbili, linakaukia kivulini. Nani kalipaka?"

"Sijui," Bi Mwantumu alisema, na mikono yake ilikuwa inang'aa nta mpaka kwenye viwiko.