Mbawakawa wa Bega la Kushoto

Fundi alimwambia Mkurugenzi wa makumbusho asimame wima na ashushe mikono, kisha akapitisha futi juu ya uyoga uliokuwa umeota kwenye bega lake la kushoto. Ulikuwa uyoga mgumu wa kahawia, wa namna ile inayotokeza kwenye magogo kama rafu, na tangu koti la mwisho ulikuwa umeongeza duara moja ukingoni.

"Umetanuka tena, bosi."

"Kazi, mama. Tumetoa kitabu kingine."

Fundi alijua. Uyoga ulianza ukiwa mdogo kama kifungo cha shati, mwaka ambao Mkurugenzi alitia jina lake kwenye kazi ya mzee mmoja wa idara ya ndege. Kila alipotia jina lake kwenye kazi ya mtu mwingine, ulikua. Katibu wake aliufuta vumbi pamoja na meza. Mkewe alihamia upande wa pili wa kitanda. Fundi naye alikata bega la kushoto kwa kipimo chake na la kulia kwa kipimo chake, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa mzuri, ukimwona mteja wake kwa mbali ungedhani anasikia baridi upande mmoja tu.

Siku hiyo alipofumua bitana ya koti la zamani, vilidondoka vidudu vyeusi vinavyong'aa, vidogo kuliko punje za mtama. Mwingine angevifagia. Fundi alivikinga na kopo la vifungo, akampelekea binti yake.

Binti alikuwa mtaalamu wa wadudu kwenye makumbusho hayo hayo. Mama yake alimsomesha kwa cherehani, maana baba alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Marehemu hakuacha shamba wala picha. Jina lake lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu, kaburini, na mvua ilikuwa inalifuta. Binti alilitumia kama jina lake la pili. Na kwa desturi ya watu wa wadudu, anayeandika maelezo ya mdudu mpya kwa mara ya kwanza, jina lake hufuatana na la mdudu huyo popote litakapoandikwa.

Fundi aliposikia hivyo aliweka mkasi chini.

"Hata sisi tukishakufa?"

"Hata tukishakufa, mama."

"Basi mtazame vizuri, mwanangu. Usije ukatuletea wa watu."

Alimtazama vizuri. Alimlinganisha na mbawakawa wote wa kwenye uyoga waliokuwa makabatini, droo kwa droo. Vipapasio vya huyu viliishia na kirungu cha vipingili vitatu. Mgongo ulikuwa na vishimo kama vilivyodungwa kwa ncha ya sindano, na dume alikuwa na pembe mbili zilizopinda kwa ndani. Mwishowe alimpasua dume mmoja chini ya hadubini akatazama uume wake, maana kwa mbawakawa hapo ndipo undugu unapokataliwa.

"Hapo?" fundi aliuliza.

"Hapo hapo."

"Haya. Hata kwa binadamu kuna kesi zimeishia hapo."

Hakufanana na yeyote. Binti alichagua dume mwingine, mzima, awe shahidi wa wenzake wote, akambandika kwenye kikadi na kumwekea kibandiko chekundu, ambacho hawekewi mdudu mwingine. Akampa jina la Kilatini lenye maana ya "wa begani". Kwenye maelezo, penye makazi ya mdudu, aliandika ukweli: uyoga, bega la kushoto la Mkurugenzi. Kisha akaandika jina lake na la baba yake.

Fundi alimshukuru Mungu kwa magoti, akawaambia wateja wote, hata aliyekuja kupunguziwa sketi. "Binti yangu ana mdudu," alisema, kama wengine wanavyosema binti yao ana gari.

Mkurugenzi aliposoma maelezo hayo alifurahi kwa dhati. Hakubadilisha neno lolote, ila jina.

"Sikiliza, binti yangu. Mdudu kaishi kwangu, kala kwangu. Sasa aandikwe nani?"

"Aliyemtambua, mzee."

"Wewe nimekuweka mwisho, kwenye shukrani. Sogea uone."

Chapisho lilitoka hivyo. Fundi alifuata mistari kwa kidole mpaka kwenye shukrani, ambako binti alishukuriwa kwa kuandaa hadubini. Walimtaja kwa jina la kwanza tu. La baba halikuwapo.

Akarudi kwenye mchoro wa dume, aliouchora binti, akakaa nao muda mrefu.

"Pembe umezipatia," alisema. "Ziko sawasawa pande zote. Huu mkono ni wa nyumbani kwetu."

"Mama, jina..."

"Nimeona. Kula kwanza."

Mkurugenzi alikuja kupimwa koti la sherehe ya mdudu wake. Kwenye bega la kulia kulikuwa na uyoga mpya, mdogo kama kifungo cha shati.

"Na huku, bosi?"

"Na huko, mama. Acha nafasi."

Fundi aliacha nafasi ya kutosha, akakunjia akiba ya kitambaa kila upande. Ndani ya bitana ya kushoto, pale mbawakawa wanapojificha, alidarizi kwa uzi mwekundu jina la binti yake na la marehemu, yote mawili, kwa herufi za kusomeka. Siku ya kulichukua koti, Mkurugenzi alivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akasema limemkaa.

"Limekukaa, bosi," fundi alisema, akakinga kopo la vifungo chini ya bega la kulia, ambako kidudu chekundu kisicho na pembe kilikuwa kimeshachungulia.